Mwaka wa Kutazama Bure

Mwezi uliopita rafiki yangu Hadija alikuja kunitembelea kutoka Kondoa na ndoo ndogo ya asali na sweta la kijani alilolifuma mwenyewe. Hata chai haijamiminwa, akaanza kulipapasa kochi langu kwa mikono yote miwili, kisha akatangaza, "Esta, fundi wa hili kochi alikuibia. Mshono wa nyuma umeruka." Kochi hilo nimelikalia miaka minne na huo mshono sijawahi kuuona. Hadija haoni kabisa, miaka mingi sasa, lakini kwa kukosoa kazi za watu hajapungua hata kidogo. Mtoto wa dada yangu, Anjela, anayesoma chuo hapa Dodoma na kukaa kwangu, alikuwa amejilaza na simu yake, analalamika tangu asubuhi kwamba mji huu umekuwa ghali mno, ukitia mguu nje tu hela imeondoka. "Mamdogo, nyie ujana wenu mlikuwa mnastarehe wapi?" Nikafungua mdomo nijibu, Hadija akaniwahi. "Sisi? Mwanangu, sisi tulistarehe kuliko mawaziri, na hatukutoa hata senti." Akacheka mpaka chai ikampalia. Nilicheka naye, lakini moyo wangu ulishtuka kidogo, maana mwaka aliokuwa anauwaza ndio mwaka niliojionea aibu kuliko yote niliyoishi, na ndio mwaka nilioona mambo makubwa. Nakaribia arobaini sasa. Nimeona niuandike kabla sijaanza kuusimulia kwa kuupamba.

Ulikuwa mwaka ule ofisi za serikali zilipokuwa zinahamia Dodoma kwa kishindo. Kila wiki malori ya mizigo, kila wiki mwenye nyumba ana maneno mapya. Chumba nilichopanga katikati ya mji niliambiwa nipishe, kuna mtu wa wizara anakitaka na hajauliza hata bei. Nikaangukia Mkonze, enzi hizo bado pembeni, kwenye nyumba ya vyumba sita isiyo na dari, nikashirikiana chumba na Hadija. Yeye alikuwa fundi cherehani, anashonea kibarazani jirani na steshenari nilikokuwa nachapa barua na kutoa kopi. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vyembamba, pazia la kitenge katikati na jiko la mkaa mlangoni. Kwa vile dari hakuna, maneno ya nyumba nzima yalipita juu ya kuta kama moshi. Chumba cha pili walikaa Baba Faraja na mkewe, na kila jioni tuliwasikiliza kama watu wanaosikiliza redio. "Wamesema mwezi ujao wanapandisha tena kodi." "Wapandishe, si wanapanda wao? Sisi tuko hapa hapa chini." Tulikuwa tunacheka tumejiziba midomo kwa mito. Mimi nilipika ugali wa mtama na mlenda, na Hadija, Mrangi wa watu, kila siku alikula sahani nzima na kila siku alitukana. "Hii mboga yenu Wagogo haitafunwi, inakimbia yenyewe." Nikamwambia akaitafute nyingine kwa mama yake Kondoa. Akaongeza tonge.

Hadija alianza kugombana na sindano mwezi wa tano. Uzi haupiti tunduni. Akasema sindano za siku hizi ni za bandia. Halafu akaanza kugonga mlango kwa bega na kuulaumu mlango, akamimina chai kando ya kikombe na kukilaumu kikombe. Nikamtania kwamba amelewa bila kunywa, utani ambao hadi leo ningependa kuumeza. Tulipofika hospitali, daktari, dada mpole tu, hakuzunguka: ni presha ya macho, na imemtafuna sana pembeni. Kilichokwenda hakirudi. Dawa ya matone inaweza kukichelewesha kilichobaki, lakini kwa hali ilivyo asitegemee kuona zaidi ya mwaka mmoja. Mimi nilikuwa nimeshika mkoba wake. Nakumbuka niliufungua na kuufunga, nikaufungua na kuufunga, mpaka daktari akanitazama. Hadija aliuliza swali moja: "Kwa sasa naona kiasi gani?" Daktari akamwambia anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. "Katikati panatosha," Hadija akasema, akasimama, akagonga kiti.

Nilidhani atalia akifika nyumbani. Hakulia. Alichukua chaki yake ya kupimia nguo, akapanda juu ya kitanda, akaandika ukutani kwa herufi kubwa: VYA KUONA. Chini yake akaandika ndege ikitua, kwaya ya Wagogo, Bunge kwa ndani, mji wote kutoka juu. "Na vyote viwe vya bure," alisema, "hela ni ya matone." Nikamuuliza, na bahari je, maana hakuna kati yetu aliyewahi kuiona. Akafikiri kidogo. "Bahari ina nauli." Akapiga mstari chini ya orodha. Basi ndivyo tulivyoanza. Mimi nilikuwa nimekaa Dodoma miaka sita na nilijua njia mbili tu, ya kazini na ya kanisani. Nilikuwa mtu wa kulalamika, kama Anjela, kwamba mji huu umetengenezewa wenye magari. Kumbe macho hayana pazia, na kwa macho hakuna aliyewahi kutudai kiingilio.

Jumamosi tulianzia maduka ya samani, yale mapya yenye vioo vinavyofika juu. Hadija alikuwa ameshona nguo mbili nzuri kwa vitambaa vya kubaki, tukaingia kama wake za wakurugenzi. Ndani baridi ya kiyoyozi, harufu ya ngozi mpya, televisheni kubwa kama ukuta wa chumba chetu inaonyesha samaki wa rangi ambazo hazina majina. Tulikaa kwenye makochi, moja baada ya jingine, miguu haigusi chini. Muuzaji, kijana nadhifu, akaja. "Dada zangu, mnachukua lipi?" Mimi nikaanza kusimama. Hadija hakutikisika. "Tunalisikilizia kwanza, kaka. Kochi halinunuliwi kwa haraka." Akageuza mto, akautazama mshono wake karibu kabisa na pua, akamweleza yule kijana kwa nini lile kochi halitamaliza mwaka. Kijana akaenda kumwita mwenzake naye aje asikie. Tulitoka tumepewa chupa mbili za maji, baridi. Hadija alitembea barabara nzima akiyasimulia makochi kana kwamba ameyaposa.

Uwanja wa ndege wa Dodoma uko mjini humo humo, hauhitaji safari. Tulisimama nje ya uzio jua kali, tumejifunika khanga moja, tukasubiri. Ndege ilipotokea mimi niliifuata tangu ikiwa nukta, lakini Hadija alikuwa hajaipata. "Iko wapi? Iko wapi, Esta?" Nikamshika kidevu, nikamwelekeza. Akaipata. Ndege ilipita juu yetu kwa ngurumo mpaka tumbo likatetemeka, magurudumu yakagusa lami, moshi ukafuka. "Imeingia, ikatoka," alisema taratibu. "Jicho langu ni dogo lakini imeingia nzima." Akanishika mkono kwa nguvu, kucha zikaniingia. Nami, ambaye ndege hizo zilinipigia kelele miaka yote, niliona ajabu kwamba chuma kile chenye watu ndani kinaweza kushuka polepole hivyo kama anayeweka mtoto kitandani.

Kwaya ilikuwa rahisi, kwani mazoezi ya jioni kanisani hayana mlango. Tulikaa benchi la nyuma, Hadija na mtandio wake, na hakuna aliyemuuliza kitu. Watu wamechoka, wametoka shambani na sokoni, mmoja amebeba mtoto mgongoni, mwalimu wao anagombeza sauti ya pili. Halafu wakaanza. Nimezaliwa Mlali ndani ya nyimbo hizo, nilidhani nazijua. Lakini nilipomwona Hadija ametoa macho, akizipitia nyuso moja moja kwa lile tundu lake, nami nikazitazama. Nikaona koo za akina mama zinavyofunguka, nikaona mzee wa besi anaimba amefumba macho na kidole kimoja tu kinacheza pajani. Sauti zikapandana, hii juu ya hii, mabati yakatetemeka. "Mashallah," Hadija alinong'ona. "Nyie Wagogo Mungu aliwanyima mboga akawapa hii." Nikampiga kiwiko. Lakini machozi yalikuwa yananitoka.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Bunge kwa ndani kulikuwa kugumu. Mtu haingii tu, lazima jina lako liwe kwenye orodha ya wageni. Mwezi wa kumi, joto la kuchemsha ubongo, aliingia steshenari Mwalimu Chilongani, kiongozi wa kikundi cha mafundi wa kufuma masweta, wote wasioona, kutoka njia ya Buigiri. Walikuwa wamealikwa na mbunge mmoja, naye alitaka nimchapie orodha yao. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, binti. Hapa pana tatizo. Watu wangu wawili wamepata homa, mmoja asiyeona na mmoja msindikizaji. Nafasi zinapotea." Vidole vyangu vilisimama juu ya kibodi. Nikamwambia nina rafiki, macho yake yanakwisha, anatamani sana kuliona Bunge. Mwalimu akafikiri, akasema basi, tuje wote wawili. Nikachapa. Kwenye safu ya wasioona nikaandika Hadija Iddi. Kwenye safu ya wasindikizaji nikaandika jina langu. Hadija nilimwambia tumepata nafasi mbili za wasindikizaji. Yaani nilimdanganya. Yeye neno "asiyeona" lilikuwa halijawahi kumtoka mdomoni, alisema tu "macho yangu yanasumbua," nami nikajiambia, atajua wapi? Ataona, atafurahi, tutarudi.

Alishona usiku na mchana, ingawa ni mimi niliyemtungia uzi, gauni la kijivu la mikono mirefu. Siku yenyewe tulipekuliwa getini, tukavishwa vitambulisho vya mgeni shingoni, tukapandishwa ngazi pamoja na kikundi, fimbo zao nyeupe zikigonga taratibu. Mlango ukafunguliwa. Jamani! Nilikuwa nimeliona Bunge kwenye televisheni maisha yangu yote, lakini televisheni haikuwahi kuniambia kwamba ni kubwa namna ile, na kwamba kimya chake kina uzito. Zulia linameza miguu. Viti vimepangwa kwa mzunguko, safu juu ya safu, na taa hazina kivuli. Hadija alikaa ukingoni mwa kiti, mikono kifuani, akaanza kazi. Kipande baada ya kipande. "Suti ile ya bluu imekatwa na fundi mzuri, angalia bega. Yule mama, kitenge chake maua yamekutana kwenye mshono, unajua ni kazi kiasi gani? Esta, lile joho la Spika! Lile joho!" Nilijiona nimefanya jambo la maana kuliko yote duniani.

Ndipo Spika akafika kwenye wageni, kama ilivyo desturi. "Waheshimiwa Wabunge, jukwaani tunao wageni wetu, mafundi wa kufuma wasioona. Naomba wasimame tuwaone." Safu yetu ikaanza kuinuka. Hadija akabaki ameketi, akitabasamu, akisubiri zamu ya wasindikizaji. Mwalimu Chilongani akainama kutoka nyuma, karatasi mkononi. "Hadija Iddi," alinong'ona, "simama mwanangu, ni nyie." Hadija akageuka, akanitafuta kwa lile tundu lake mpaka akanipata. Aliuliza kwa uso tu. Ningeweza kusema, Mwalimu, ni kosa langu, mimi ndiye niliyeandika. Nilitazama zulia. Basi Hadija akasimama. Alisimama wima, akanyoosha gauni lake pembeni, na Bunge zima likampigia meza. Zilipigwa kwa muda mrefu. Nilizisikia kwenye meno.

Baadaye kikundi kilikaa nje kivulini kula viazi vitamu na karanga walizokuja nazo. Hadija alikaa mbali nami. Jirani yake alikuwa Tabitha, mfumaji wa umri wetu, asiyeona tangu utotoni, mwenye mdomo. "Wewe mgeni," Tabitha alisema, "wewe unaona. Nimesikia unavyogeuza shingo." Hadija akajibu kwa ukali, "Naona kidogo." "Kidogo kama nini?" "Kama tundu la kifungo." Tabitha akaangua kicheko. "Khaa! Na umekaa unamenya karanga? Tueleze upesi kabla halijashonwa! Huyo Spika tuliyemsikia, kavaa nini?" Niliogopa Hadija atainuka aondoke. Alimaliza kutafuna. Kisha akaanza joho: kitambaa chake, uzito wake, namna lilivyoanguka kutoka mabegani, mikunjo mingapi nyuma, uzi wa rangi gani ukingoni. Akaja kwenye vitenge. Akaja kwenye viti. Watu kumi na mmoja waliacha kula. Mmoja akauliza zulia linafananaje, Hadija akamshika kiganja, akamchorea maua yake kwa kidole. Mwalimu Chilongani, mwenye macho mawili mazima, alisikiliza mdomo wazi. "Mwalimu," Tabitha alimwambia, "miaka yote hii na wewe unatuambia tu 'ni pazuri'."

Tulirudi Mkonze kwa miguu. Siku tatu Hadija hakusema nami. Hata Baba Faraja alisikika akimwambia mkewe, "Leo redio ya jirani imekufa?" Siku ya nne nilipika, nikaweka sahani mbele yake, nikapiga magoti pale pale sakafuni. "Nisamehe. Niliandika bila kukuambia, na ulipohitaji neno langu nilitazama chini." Alikula tonge tatu kwanza. "Hujaniudhi kwa kuandika," alisema. "Ni kweli nitakuwa hivyo, na wale ni watu wazuri, Jumatatu naenda kwao nikaishike hiyo mashine ya kufuma. Umeniudhi kwa sababu mtu wa pekee ninayemwamini macho yake amenidanganya. Sasa nisikilize. Mimi nitabaki na unachoniambia wewe. Ukinipamba, nitaishi kwenye mji usiokuwepo." Nikasema nimeelewa. "Na mlenda umezidi magadi," aliongeza, na hapo ndipo nilipojua nimesamehewa.

Alikwenda kweli. Kila Jumatatu aliamka alfajiri kwenda Buigiri, akarudi na vidole vimechubuka na hadithi za Tabitha. Mvua zikaanza. Nyanda hizi ambazo miezi minane ni vumbi na miiba zikageuka kijani kwa wiki mbili tu, na Hadija alikuwa anasimama mlangoni akitazama jani moja moja. Lakini kabla ya mwisho wa mwezi wa pili nilimwona akipapasa kikombe kilichokuwa mbele yake kabisa. Alisema tu, "Twende tukaone mji kutoka juu. Kesho."

Tulipanda jabali moja nyuma ya mitaa, siku ya mawingu mazito, jua halina upande. Mimi mbele, yeye nyuma ameshika ncha ya khanga yangu. Mawe yalikuwa yameloa na yananuka mvua. Tulipofika juu nilikosa pumzi, na si kwa kupanda. Sikuwa najua kwamba naishi mahali pakubwa hivyo. Mabati mapya yalitapakaa kote, ya bluu, mekundu, ya kijivu. Majengo yenye mashine za kunyanyulia zege yalisimama katikati ya mashamba ya mtama na zabibu, milima ya mawe imezunguka, na nyuma ya milima nyanda zinakwenda, zinakwenda, kijani mpaka macho yanachoka. Mvua ilikuwa inanyesha mahali pamoja mbali sana, pazia moja jembamba, na kwingine kote pakavu. Nilisema "Yesu wangu," nikasahau kila kitu.

"Lile pale!" Hadija alipiga kelele ya furaha. "Lile paa la Bunge! Naliona, Esta, linang'aa!" Alikuwa amenyoosha mkono wote, uso umechanua. Nikafuata kidole chake. Kilielekea kwenye vichaka vya upande wa Mkonze. Bunge lilikuwa nyuma ya bega lake la kushoto, mbali kabisa na pale. Alikuwa anatabasamu vile alivyotabasamu ndege ilipoingia nzima. Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu, tamu, jepesi, na Mungu anajua nilitaka kulisema.

"Hapana, Hadija," nikasema. "Huko ni vichaka. Ni njia ya nyumbani. Bunge liko nyuma yako." Nikamshika mabega, nikamgeuza polepole mpaka likawa mbele yake sawasawa. "Hapo. Sasa unalitazama."

Alifumbua macho sana. Akayafumba, akayafumbua tena. Upepo ulikuwa unampiga mtandio. Nilihesabu pumzi zake kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Kisha mkono wake ukashuka.

"Basi," alisema. "Kuona nimemaliza."

Nililia kwa sauti, kama mtoto, juu ya jabali lile na mji wote chini yangu. Hadija aliniacha nilie. Akatafuta jiwe kwa mguu, akalipata, akakaa, akakunja gauni lake vizuri magotini, akaugeuzia uso wake kule nilikomwelekeza.

"Haya, futa kamasi," alisema. "Nieleze. Anzia kushoto."

Nikafuta kamasi, nikaanzia kushoto.